Msichana Aliyeandikwa Eko

Jumapili, 7 Oktoba 1962

Haya, umerudi! Tangu msiba wa Paora, mumeo, hujafungua daftari hili. Ulidhani litakuja lenyewe kukutafuta jikoni? Watu wamezaliwa, watu wamezikwa, nguruwe wa mpwa wako Rawiri kaingia kanisani katikati ya sala — na wewe hukuandika hata nusu mstari. Eti macho. Macho hayo hayo yanaona vidagaa mtoni kutoka ukingo wa pili! Humu hasomi mwingine ila wewe, Pirihira, kwa hiyo wewe ndiye wa kugombezwa. Kaa. Andika.

Darasa silijui. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo na magunia ya unga, ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Asiyependa asisome.

Nyumba kubwa ya ukoo iko uchi. Rawiri na wenzake wameng'oa mabati, wamepaka rangi, wametoa picha zote za marehemu ukutani. Zimelala chumbani kwangu chini ya blanketi. Paora wangu kalazwa juu ya mama mkwe wake. Mungu awasamehe, walipokuwa hai hawakukaa chumba kimoja.

Jumamosi ya tarehe ishirini tunaifungua upya. Kila picha itarudi kwenye msumari wake. Na msumari wa Te Aonui utabaki mtupu, kama siku zote. Bibi yangu mzaa baba. Alimkimbia kila mtu mwenye kamera. Mmoja alimrushia kome, mzima na ganda lake. Mumewe yuko ukutani na ndevu zake na saa yake ya mfukoni — kando yake, msumari. Kila msiba nawalilia wote kwa majina, nikifika pale nalilia chuma. Aliye hai aliyemwona ni mimi peke yangu. Nikifa, uso wake unaingia shimoni pamoja nami. Hilo linaniwasha kama upupu.

Sasa sikia. Arihia kaja na basi la jioni. Binti wa mwanangu Hemi, anafanya kazi maktaba ya mjini. Kaja na bomba refu la karatasi kwapani.

“Bibi, kaa kwanza.”

Nikamwambia nimekaa tangu babake aote meno, aseme tu.

“Nadhani nimempata Te Aonui.”

Sikula tena.

Jumatatu, 8 Oktoba

Meza yote ni picha. Ni kurasa za kitabu cha zamani kilichovunjika mgongo, mwuza vitabu kampa bure. Mzungu fulani alipita huku na penseli yake, babu zetu wakiwa vijana. Michoro ikapelekwa London. Huko mtu mwingine, ambaye hajanusa hata moshi wetu, akaichora tena juu ya jiwe na kuigonga karatasini.

Wanaume kwanza. Wamesimama. Kila mmoja na jina lake chini, na la babake. Chale za uso zimefuatwa mstari kwa mstari, huwezi kumkosea mtu na kaka yake. Sawa. Kazi nzuri.

Halafu wanawake. Bega wazi. Yule naye bega wazi. Na huyu — bega wazi! Nikamwuliza Arihia kama mwaka ule majoho yote yalikatika kamba.

“Wanunuzi wa kule ndivyo walivyotaka, Bibi.”

“Basi wangevua yao.”

Na wote wanatazama chini, au kando, au ua. Mwanamke wa kwetu asiyemtazama mtu machoni? Nionyeshe mmoja! Mkono uko kifuani kama mwenye kiungulia. Vidole laini kama mishumaa, watu waliokuwa wanachimba viazi na kuponda kitani kutwa. Na majina? “Mke wa fulani.” “Binti wa fulani.” “Wasichana wawili wakipumzika.” Wakipumzika! Nani kawapa ruhusa?

Mwisho kanitolea yule. Kaketi, joho la kitani, unyoya kichwani, mkono umeshika pindo la joho. Kidevu hakina chale, bado mdogo. Uso... jamani. Kimdomo kidogo, pua kama ya sindano. Mwanasesere wa Kiingereza aliyemwagiwa chai.

“Kitabu kinasema mchoraji alilala hapa hapa, mdomoni mwa mto wetu,” kasema Arihia. Na kweli Te Aonui mwenyewe alisimulia: mzungu alimkalisha juani, akamkataza kujikuna pua. Alilalamikia pua hiyo mpaka uzeeni.

“Chini wameandika nini?”

“Wameandika: Eko, msichana wa New Zealand.”

Tukatazamana. Halafu chai ikamtoka Arihia puani.

Eko! Hilo nalo jina? Ndivyo tunavyomwita msichana yeyote hapa — e ko! — we binti! E ko, leta maji. E ko, mwache mdogo wako. Mzungu kakaa na penseli yake, kamsikia mtu anamwita, labda mama yake, labda viazi vinaungua, naye akaandika alichosikia. Kachorwa katikati ya kuitwa.

Nikacheka mpaka mbavu. Halafu sikucheka. Mimi nimeitwa hivyo. Mama yangu kaitwa hivyo. Arihia namwita hivyo kutwa nzima. Kila msichana wa pwani hii angegeuka.

Jumanne, 9 Oktoba

Rawiri kaja na kofia mkononi, ana shida. Mpwa wangu huyu ndiye mwenyekiti wa kamati, na kamati yote ni yeye na mdomo wake.

“Shangazi, ndiye au siye? Fundi wa fremu anangoja.”

“Sijui.”

“Wewe hujui? Wewe uliyejua mimba ya mke wangu kabla ya mke wangu?”

“Ile ilikuwa tumbo. Hii karatasi.”

“Ah, Shangazi. Picha ikipita langoni ukaiita Te Aonui, basi ni Te Aonui. Likishatoka kinywani mwako nani atabisha?”

Ndilo linaloniondolea usingizi hilo! Mwita wageni wa uwanja huu ni mimi. Walio hai nawaita, na wafu wao wanaokuja nao pichani nawaita. Kwa jina. Nikikosea, wajukuu wa wajukuu watamlilia mtu wasiyemjua. Nikinyamaza, watalilia msumari.

Kaondoka na mkate wangu wote wa kukaanga.

Alhamisi, 11 Oktoba

Siye! Nimegundua nikiwa namenya viazi. Te Aonui alikuwa wa mkono wa kushoto. Alisuka kwa kushoto, alivuta masikio yetu kwa kushoto. Huyu wa karatasi kashika pindo kwa kulia. Nikamwambia Arihia afunge bomba lake, tuendelee na maisha.

Hakufunga. Kachukua kiazi, kakikata, kachonga herufi ya kwanza ya jina langu, kakipaka jemu, kakigonga kwenye gazeti. Herufi ikatoka imegeuka, mgongo mbele!

“Kitu cha kugongwa hugeuka, Bibi. Kulia kwake huenda kulikuwa kushoto.”

Moyo ukaruka kama samaki kwenye kapu. Basi ndiye!

“Nimesema huenda,” kasema. “Mafundi wengine walichora kinyumenyume makusudi, itoke sawa.”

Sasa huo ni msaada gani? Kiazi tumekila.

Jumapili, 14 Oktoba

Baada ya sala wote wamenizunguka. Ndiye? Ndiye, Bibi? Mpaka mchungaji, ambaye si wa huku. Watoto wa mjini watakuja wikendi ndefu ijayo, wengi hawajawahi kuona hata kivuli cha Te Aonui, watu wanataka wawe na kitu cha kuwaonyesha. Nawaelewa. Nataka kuliko wao!

Nikasema: “Mtieni fremu.” Sikusema ndiyo. Wamesikia ndiyo.

Na kuna jambo ambalo Arihia sijamwambia. Kila nikijaribu kumwona Te Aonui wangu — kizee, macho makali, kidevu kijani kwa chale, kiko kinaning'inia — anakuja na kile kimdomo. Kimdomo cha mwanasesere! Zamani nilikuwa nikifumba macho tu, huyo hapo. Sasa karatasi inamla bibi yangu. Inaanza na mdomo.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimefua mapazia. Yalikuwa safi. Nimeyafua tena. Arihia kaninyang'anya sabuni.

Fremu imefika. Si kubwa, kama sinia la chai. Nimeigeuzia ukutani.

Ijumaa, 19 Oktoba



Kataraina kafika asubuhi na lori la watu wake wa ghuba ya pili, kuja kusaidia kupika. Huyu ni rafiki yangu na adui yangu tangu tukiwa na meno.

“Bado hujafa?” kaniuliza mlangoni.

“Nakungoja wewe utangulie, unionyeshe njia.”

Tukasalimiana pua kwa pua, tukalia kidogo, tukaanza kufungua kome.

Kaja na picha ya marehemu wake kwenye blanketi, maana huendi kwenye shughuli kubwa ukawaacha wako nyumbani peke yao. Kesho ataingia naye langoni na watu wake wote nyuma. Kamweka kwenye kiti kizuri. Kamfunua, apate hewa.

Arihia kaangusha bakuli.

Yule yule! Joho lile, unyoya ule, bega lile lile. Ila kageukia upande wa pili. Na kidevuni ana chale, kamili, za mwanamke mwenye hadhi yake.

“Huyu nani?” nikauliza.

“Nani tena! Mihiata. Bibi wa mama yangu. Si ulimlilia mwenyewe kwenye msiba wa mama, ukapasuka sauti?”

Kweli nilimlilia. Lakini alikuwa amevikwa majani shingo mpaka kichwa, na nani hutazama picha akiwa na kamasi?

Arihia kainuka. Kaenda chumbani, kaja na wetu, kamweka kando ya wa kwao. Wakatazamana. Kama dada wawili waliogombana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusalimia.

Kataraina kageuka mwekundu.

“Pirihira! Umemchukua mzee wangu ukamfuta kidevu!”

“Mimi? Wewe ndiye uliyempaka wino mtoto wa watu!”

“Mtoto wa watu nani? Huyo mzungu alilala kwetu!”

“Alilala kwetu!”

“Basi alikuwa mlalaji!”

Rawiri kachungulia, kaona visu vya kome mikononi mwetu, kapotea.

Arihia katukalisha. Kaeleza polepole. Karatasi haikuwa moja. Ziligongwa nyingi, zikauzwa dunia nzima. Moja ikafika Paris. Fundi wa huko akamchora tena kama alivyomwona, akagonga, naye akatoka amegeuka. Msichana tu hakumtosha. Alitaka kitu kikubwa zaidi. Akamwongezea chale, na chini yake, kwa Kifaransa, akaandika: mke wa mkuu.

“Kwa hiyo kaozwa karatasini,” nikasema. “Hata ndugu zake hawakuulizwa.”

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Kataraina kaishika fremu yake kwa mikono miwili. “Hizi chale. Nani kazichora?”

“Mtu wa Paris, Bibi.”

“Alimwona?”

Arihia kanitazama mimi. Mimi nikatazama kome sakafuni.

 Maji yanachemka, hakuna anayeyajali. Halafu Kataraina kasema, taratibu, sijawahi kumsikia akisema taratibu: “Mama yangu alikufa kaishika hii. Watoto wangu wote wamebatizwa mbele yake. Hatuna kingine cha Mihiata, Pirihira. Hakuna aliye hai aliyemwona. Wewe wako unaye kichwani.”

Sikumwambia kwamba kichwani analiwa.

“Sema,” kasema. “Wa kwako ni Te Aonui? Maana akiwa Te Aonui, wangu ni nani? Sema. Wewe hujawahi kunionea haya.”

Kweli. Nilimwambia gauni lake la harusi linafanana na hema. Nilimwambia mwanawe wa kwanza ana kichwa cha boga, na alikuwa nacho. Nikafungua mdomo nimwambie na hili: ni Eko, Kataraina, si wako wala si wangu, ni binti aliyeitwa na mama yake. Nikasema—

“Chai inapoa.”

Mimi! Chai inapoa!

Kataraina kavuta kikombe chake. Kainywa. Kamfunika Mihiata wake blanketi, pembe kwa pembe, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jumamosi, 20 Oktoba

Naandikia barazani kwa nyumba kubwa, daftari kwenye paja, shali juu.

Alfajiri imepita salama. Sala imesomwa, mlango umefunguliwa, rangi bado inanuka. Picha zimerudi ukutani, Paora mbali na mama mkwe, nimehakikisha. Wageni wa kwanza kuingia ni ghuba ya pili. Wamejipanga nje ya lango, wanawake mbele, wanarekebisha majani vichwani.

Niliingia ndani na Arihia kutazama mara ya mwisho. Rawiri keshamtundika! Hakungoja. Jana tulipatana Arihia aje naye langoni, nimwite — au nisimwite. Lakini huyo hapo, kwenye msumari wa Te Aonui, kioo kinang'aa. Watoto wa mjini walikuwa wamesimama mbele yake. Mmoja, msichana wa miaka kama sita, kavaa soksi moja tu, anamwonyesha mdogo wake: “Huyo ndiye bibi wa Bibi. Alikuwa mzuri, eh?”

Mzuri. Te Aonui alikuwa na sura ya mtu anayedai kitu chake. Nikatazama kando yake, babu yangu na ndevu zake. Babu kaoa mwanasesere!

Nikafumba macho. Njoo, nikasema. Ikaja harufu ya kiko. Ukaja mkono wa kushoto, sikioni, unavuta. Uso haukuja.

“Arihia. Panda kiti.”

“Bibi, Rawiri ataniua.”

“Rawiri nilimtawaza mimi utotoni. Panda.”

Kapanda. Kamshusha. Hakuuliza kwa nini, na angeuliza ningemwambia nini? Kwamba Kataraina akiingia na Mihiata mkononi, akainua macho, akamwona dada yake ukutani kaandikwa jina la watu wengine, ataanguka pale pale mlangoni? Au kwamba nataka msumari wangu unirudie, mtupu, labda uso nao utarudi? Yote mawili. Usinilazimishe kuchagua.

Sasa ninaye chini ya shali. Kioo kimelala kifuani kwangu, baridi. Ndani Rawiri anapiga kelele, picha iko wapi, nani kachukua picha, halafu anawauliza watoto wa mjini, maskini, na yule wa soksi moja analia.

Kataraina yuko mbele kabisa, kavaa nyeusi tii, kamkumbatia Mihiata wake. Mimi nimemkumbatia wangu. Yeye haoni.

Mihiata nitamwita. Hilo limekwisha. Nitamwita kwa jina lake na la baba yake na la mlima wao, kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Mwenye shaka amezee mate. Miaka hamsini na ngapi sijui ya machozi ya watu — si wino wa Paris huo.

Lakini huyu wa kifuani? Naye yuko uwanjani. Kaja, keshafika, kabebwa na mtu wa nyumba hii. Siwezi kusimama nikawaita wafu wote wa pwani nikamruka mmoja niliyembeba. Nimwite Te Aonui, Kataraina asikie? Nimwite e ko, kama mama yake—

Rawiri katoka mlangoni. Kaona shali yangu ilivyosimama pembe nne. Kafungua mdomo. Nimemtazama. Kaufunga. Lakini hajaondoka.

“Shangazi,” kasema, “wanangoja.”

Langoni wamenyamaza. Kataraina kainua kichwa, ananitafuta kwa macho. Nasimama. Arihia, nishike mkono, huu usio na fremu.

Ukirudi hapa, kikongwe, usianze na hali ya hewa, wala nani kala nini. Andika kwanza jina uliloita. Na kama hukuita, andika nani aliita badala yako.